Sentensi Aliyoifuta Faudhia

Kila siku akitoka shule, Faudhia alipita kwanza dukani kwa baba yake, Mzee Khatibu, aliyeuza vitenge na mashuka karibu na soko la Kasulu. Alimwamkia, akala alichowekewa na mama yake kwenye hotipoti, kisha akakunja vitenge ambavyo wateja walikuwa wamevikunjua, wakavipapasa, wakaenda zao bila kununua. Kazi hiyo ikiisha, alifungua mlango wa nyuma akaingia chumbani kwa Mjomba Nurudini.

Chumba hicho kilikuwa na kompyuta mbili, feni moja yenye kelele na nyaya zilizozagaa kila mahali. Mjomba Nurudini alikuwa mtengeneza programu. Alikuwa ameunda kitu alichokiita Sega, na watu walipomwuliza Sega ni nini, alijibu, "Ni kiunzi cha JavaScript cha chanzo huria," nao wakazidi kupotea.

Faudhia ndiye aliyepata namna ya kuwaeleza. Fundi anayejenga nyumba, alisema, hachongi kila mlango na kila dirisha. Ananunua yaliyokwisha kuchongwa, anayapachika. Basi mtu anayetengeneza tovuti naye, akiwa na Sega, anakuta fomu, vitufe na orodha viko tayari, vimeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Kazi yake ni kuvipanga tu. Tena Sega haiuzwi. Yeyote anaruhusiwa kuichukua, kusoma jinsi ilivyoandikwa ndani, na hata kupendekeza marekebisho.

Faudhia alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Alikuwa na haya kupita kiasi. Mwalimu akimwuliza swali darasani, sauti yake ilifika kwenye kola ya shati lake ikarudi. Lakini ukimpa kalamu alikuwa mtu mwingine kabisa, na insha zake zilisomwa mbele ya darasa, na mwalimu, si na yeye.

"Mama," Mjomba alimwambia siku moja, kwa kuwa Faudhia alipewa jina la bibi yake mzaa mama, "hebu soma huu ukurasa wa kwanza wa tovuti yangu. Mbona watu wanafungua, halafu wanatoka?"

Faudhia alisoma: *Sega ni kiunzi kinachorahisisha uundaji wa violesura vya mtumiaji.*

"Mjomba," alisema polepole, "hata mimi ningetoka."

Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, andika wewe. Andika maneno ya kumvuta mtu aijaribu." Akampa karatasi yenye safu mbili. Ya kwanza ilikuwa na kichwa *Inachofanya sasa*, ya pili *Itakachofanya baadaye*.

Faudhia aliipitia karatasi yote. Katika safu ya pili kidole chake kilisimama. "Na hili la kutunza maneno mtandao ukikatika?"

"Hilo bado. Labda miezi miwili, mitatu. Liache kwanza."

Siku tatu Faudhia aliandika na kukata. Mwishowe alipata hivi: *Una wazo la tovuti lakini hujui uanzie wapi? Anza na Sega. Vipande viko tayari: chukua, panga, tumia. Hulipi hata shilingi. Ukitaka kujua kilichomo ndani, fungua usome.*

Yalikuwa maneno mazuri, na yote yalikuwa kweli. Lakini kila alipoyarudia aliona kama chakula kilichopungukiwa na kitu. Alijua ni kitu gani. Huku kwetu milimani mvua ikianza tu, mtandao unakatika, na kila mtu amewahi kupoteza alichokuwa akiandika. Basi akaongeza sentensi moja: *Mtandao ukikatika, usijali, endelea kuandika, Sega inakutunzia kila neno.*

Aliitazama. Ilikuwa sentensi tamu kuliko zote. Moyoni alijiambia, Si itakuja kuwa kweli? Miezi miwili ni kitu gani?

Mjomba alisoma mistari ya mwanzo, akapiga kiganja mezani. "Wee! Hii ndiyo inaitwa kuandika!" Hapohapo simu yake ikaita. Akaipokea akiwa ameinuka, akamwashiria Faudhia kwa mkono: weka, weka mtandaoni. Mistari ya mwisho hakuisoma. Faudhia akayaweka yote, kwa akaunti ambayo Mjomba alikuwa amemfungulia kwa jina lake.

Katika wiki mbili watu walioichukua Sega waliongezeka kutoka arobaini hadi zaidi ya mia tatu. Mjomba alimtangaza Faudhia kwa kila aliyeingia dukani. Hata Mzee Khatibu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alimwambia mteja, "Huyu mwanangu akiandika jambo, lazima uvutwe."

Alhamisi moja Mjomba alitoka kwenda kuchapisha vipeperushi, akamwachia Faudhia kazi ya kujibu maswali kwenye ukurasa wa hoja, mahali ambapo watumiaji wa Sega huandika shida zao na kila mtu huziona. "Madogo jibu. Makubwa niachie," alisema.

Hoja ilikuwa moja tu.

*Shikamooni. Mimi naitwa Ininahazwe, ni katibu wa klabu ya kompyuta katika shule yetu ya Titye. Mwalimu wetu alitutengenezea ukurasa kwa kutumia Sega. Tunakusanya maneno ya Kiha na maana zake kwa Kiswahili, tuyaonyeshe siku ya wazazi. Jumamosi mtandao ulikatika. Wenzangu walitaka tuache, lakini mimi niliwasomea, kwenye ukurasa wenu uliokuwa bado wazi, sentensi inayosema tuendelee kuandika. Tukaendelea mpaka chaji ikaisha. Tulipowasha tena hakukuwa na neno hata moja. Yalikuwa maneno mia mbili na kumi na manne. Naomba mtuambie yako wapi.*

Faudhia aliisoma mara mbili. Alijua yako wapi. Hayakuwa popote.

Alitazama mlango. Akasikia baba yake anabishana na mteja juu ya rangi za kitenge. Akafungua ukurasa wa kwanza wa tovuti, akaichagua ile sentensi yake tamu, akaifuta. Akabonyeza *hifadhi*. Ukurasa ulibaki safi kama vile sentensi haijawahi kuwepo. Kisha akarudi kwenye hoja ya Ininahazwe akajibu:

*Asante kwa ujumbe wako. Ukurasa wetu hausemi kwamba Sega hutunza maneno mtandao ukikatika. Tafadhali jifunze kusoma maelekezo vizuri kabla ya kutumia. Timu ya Sega.*

Mjomba aliporudi aliuliza, "Kuna hoja?"

"Ndogo tu," Faudhia alisema. "Nimejibu."

Jumamosi yake Mjomba Nurudini alialikwa Kibondo, kwenye semina ya walimu wa kompyuta kutoka wilaya zote za milimani. Alikuwa ameisubiri siku hiyo mwaka mzima. Walimu wale wakiikubali Sega, ingefundishwa katika klabu za shule nyingi, na kazi ya miaka minne ingekuwa imepata watu. Akamchukua na Faudhia. "Mwandishi wangu lazima awepo," alisema.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mjomba aliangaza ukurasa wa tovuti yake ukutani, akaeleza vizuri, akawachekesha walimu, kisha akasema, "Na maneno haya mnayoyaona, aliyeyaandika ni huyu binti hapa mbele. Simama, mama."

Faudhia alisimama akakaa, yote kwa mara moja. Walimu wakapiga makofi.

Mwalimu mmoja mrefu, mwenye mvi kidogo kwenye ndevu, alinyoosha mkono. "Naitwa Marselino. Nafundisha Titye. Mimi si mwenyeji wa huku, ni mtu wa Songea, ila huu ni mwaka wangu wa tisa, nimeshazoea mtandao wa huku." Watu wakacheka. "Nina swali. Ukurasa huu ulikuwa na sentensi inayosema mtandao ukikatika tuendelee kuandika. Leo siioni."

"Hapana, Mwalimu," Mjomba alijibu kwa ukarimu. "Jambo hilo Sega haiwezi bado. Nisingeweza kuliandika."

"Basi naomba ufungue daftari la mabadiliko."

Faudhia hakujua daftari hilo ni nini. Alidhani tovuti ni kama ubao wa darasani, ukifuta umefuta. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba katika programu za chanzo huria kila badiliko huandikwa, lililoongezwa na lililoondolewa, saa lilipofanyika na jina la aliyelifanya, na kwamba daftari hilo liko wazi kwa dunia nzima.

Mjomba alibofya. Ukutani, kwa herufi kubwa, ilitokea sentensi yake na mstari mwekundu juu yake. Pembeni iliandikwa: *Imeondolewa Alhamisi, saa 11:08 jioni. Faudhia Khatibu.*

Mwalimu Marselino hakupaza sauti. "Saa 11:08 sentensi iliondolewa. Saa 11:15 mwanafunzi wangu akajibiwa kwamba haikuwepo, tena akajifunze kusoma. Naomba kuelezwa."

Kutoka nyuma mtu mmoja akasema, "Kumbe hii Sega asali yake ya sukari!" Kicheko kikapita ukumbini. Huku milimani, kwenye wafugaji wa nyuki, hakuna tusi baya kwa mfanyabiashara kuliko kuambiwa asali yake ni maji ya sukari.

Faudhia alitazama viatu vyake. Alijua huu ndio wakati wa kusimama na kusema. Miguu ikakataa. Mjomba alimtazama mara moja tu, akageukia walimu.

"Sentensi ile ilikuwa ya uongo," alisema. "Iliwekwa mimi nikiwepo, na sikuisoma. Jibu lile pia limetoka chumbani kwangu. Kosa ni langu. Naomba radhi."

Alifunga kompyuta. Mwenyekiti wa semina alimshukuru haraka haraka, akamwita msemaji mwingine. Habari ya kuifundisha Sega haikutajwa tena.

Njia nzima ya kurudi Kasulu Mjomba hakusema neno. Faudhia alitamani agombezwe. Walipokaribia mjini ndipo Mjomba aliposema, huku akitazama mbele, "Kuongeza sentensi, naelewa. Ulitaka kazi ipendeze. Hata kuifuta naelewa, uliogopa. Lakini yule mtoto, Faudhia. Yule mtoto alikuwa amesoma sawasawa."

Alimwita Faudhia, si mama. Hilo lilimuuma kuliko kugombezwa.

Nyumbani hakula. Alimwomba Mjomba kompyuta, akaandika chini ya hoja ya Ininahazwe, safari hii kwa jina lake:

*Ininahazwe, ulisoma sawasawa. Sentensi ilikuwepo. Niliiandika mimi ingawa nilijua si kweli. Uliposema, niliifuta, kisha nikakudanganya. Mjomba wangu hakujua. Maneno yenu hayawezi kurudi. Nisamehe. Faudhia Khatibu.*

Alibonyeza *tuma* kabla moyo haujabadilika. Jibu lilikuja kesho yake mchana.

*Nimesoma. Klabu inakutana Jumamosi saa tatu. Njoo.*

Wiki ile ilikuwa ndefu. Dukani wateja walikuwa walewale, lakini Mzee Khatibu hakumtaja tena kwa mtu. Faudhia alikunja vitenge kimya, na kila mtu aliyeingia alimwona kama amesoma lile daftari.

Jumamosi Mjomba alimpeleka Titye kwa pikipiki yake. Watoto kumi na wanne walikuwa darasani, wamekaa watatu watatu kwenye madawati, na kompyuta moja mezani kwa mwalimu.

"Mwakeye," Faudhia alisalimia kwa Kiha, na sauti ikarudi kwenye kola.

"Mwakeye," waliitikia wachache.

Msichana mwembamba mwenye sweta la kijani aliinuka. Alikuwa rika lake.

"Wewe ndiye Faudhia?"

"Ndiyo. Nimekuja kukuomba..."

"Mimi umeshaniomba," Ininahazwe alimkatiza. "Nimesoma. Ila hawa hawakusoma, simu za kusomea wanazo wapi? Mwalimu alitaka kuwaeleza, nikamwomba akuachie wewe. Siku ile Mwalimu alitusomea jibu lenu humu ndani. Tangu hapo unajua wananiitaje? Hamis, mwambie."

Mvulana wa dawati la mbele akainamisha kichwa huku akicheka kwa aibu. "Tulikuwa tunatania tu."

"Mwambie!"

"Katibu Asiyejua Kusoma," Hamis alisema.

Hakuna aliyecheka. Ininahazwe alimgeukia Faudhia. "Wiki nzima nikifungua kitabu wananiambia nishike vizuri nisikigeuze. Nyumbani dada yangu akaniuliza, una hakika uliiona hiyo sentensi? Mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza. Basi usiniambie mimi. Waambie hawa."

Faudhia alimtazama Mjomba. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, na safari hii hakufungua mdomo. Akamtazama Mwalimu Marselino, aliyekuwa akifuta ubao uliokwisha kuwa safi.

Akasogea mbele ya darasa. Alianza kusema, sauti haikutoka. Akajaribu tena.

"Hatusikii!" mtu alisema nyuma.

"Ininahazwe alisoma vizuri!" Faudhia alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Sentensi ilikuwepo. Iliandikwa kwamba muendelee kuandika. Niliiandika mimi, na nilijua si kweli, kwa sababu nilitaka watu wasifu nilivyoandika. Halafu... halafu nikamwambia yeye ndiye hajui kusoma. Anayejua kusoma ni yeye. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kuandika." Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Nisameheni."

Hamis akajikuna shingo. "Katibu, samahani basi."

"Samahani basi!" Ininahazwe alimwigiza. "Wewe utaandika maneno arobaini leo, hiyo ndiyo samahani." Watoto wakacheka. Kisha akasogeza begi lake, akamwonyesha Faudhia nafasi kwenye benchi. "Na wewe kaa. Unaandika haraka?"

"Haraka."

"Hilo angalau naamini."

Walifanya kazi mpaka alasiri. Maneno mengine yalikuwa kwenye madaftari ya watoto, wakayasoma na Faudhia akayaandika. Mengine walikuwa wameyaandika moja kwa moja siku ile kutoka vinywani mwa bibi na babu zao, na hayo ilibidi wakimbie tena majumbani kuuliza. Bibi mmoja alimrudisha mjukuu wake na maneno sita mapya na ujumbe kwamba safari hii wayatunze. Mjomba Nurudini alifundisha kuhifadhi kazi kwenye kompyuta yenyewe kila baada ya maneno kumi. Kufikia saa kumi walikuwa na maneno mia moja na sabini na mawili. Yaliyobaki waliyapangia Jumamosi nyingine, na Faudhia akasema atakuja.

Kabla ya kuondoka aliomba kompyuta kidogo. Kwenye ukurasa wa kwanza wa Sega, chini ya mistari yake ya mwanzo, aliandika: *Sega bado haitunzi maneno mtandao ukikatika. Ukikatika, simama, hifadhi kazi yako, subiri.* Alimpa Ininahazwe asome kabla ya kubonyeza *hifadhi*. Ininahazwe aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, darasa zima likisikiliza.

"Hii haivutii kama ile," alisema.

"Haivutii," Faudhia alikubali.

"Lakini mimi ningeichukua," Ininahazwe alisema. "Mtu akiniambia kibaya chake kabla sijauliza, na kizuri chake nitaamini."

Mwalimu Marselino aliweka dasta mezani. "Katibu amesema, lakini mimi ni mwalimu, siwezi kunyamaza," alisema, na watoto wakatabasamu. "Sikilizeni wote. Kuandika ili kumvuta mtu si dhambi. Anayeuza nyanya anazipanga nyekundu juu, na mwenye kitu kizuri ana haki ya kukisifia. Lakini msomaji wako humwoni. Hujui yuko wapi, wala hujui anakwenda kuweka nini mikononi mwa sentensi yako. Hawa waliweka maneno ya bibi zao. Kwa hiyo andika lile ambalo ungethubutu kumwambia mtu huyo akiwa amesimama mbele yako. Na ukikosea, usiliondoe kosa kimyakimya ukamwachia mwenzako aibu. Libebe mwenyewe. Ni zito, Faudhia?"

"Ni zito, Mwalimu."

"Lakini umefika nalo hapa."

Mjomba Nurudini aliwasha pikipiki. Mwalimu alimfuata nje, wakapeana mikono. "Ile kazi ya mtandao ukikatika, ukiimaliza niandikie," Mwalimu alisema. "Nitaijaribu mwenyewe kwanza, wiki mbili, na klabu yangu. Ikiwa kweli inatunza, nitasimama mimi Kibondo niwaambie wenzangu."

"Na isipotunza?"

"Nitawaambia vilevile."

"Hivyo ndivyo nataka," Mjomba alisema. Akamgeukia Faudhia, akampa kofia ya pikipiki. "Panda, mama. Shika vizuri."